Niligawa Nyama ya Krismasi kwa Maksi

Nimekosa mimi. Na yeyote anayejiandaa kuniambia nilikuwa na nia njema, anyamaze, maana sikuwa nayo.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza kwetu. Naishi Soweto, hapa Moshi mjini, na kila Desemba tunapanda wote nyumbani Kibosho, kwa mama. Mbuzi anachinjwa na mimi ndiye ninayeshika kisu. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na anayegawa ndiye anayejua kidari ni cha nani na mgongo ni wa nani. Baba aliniachia kazi hiyo, nami nikajiona mfalme.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na watoto watatu Kidato cha Pili. Binti yangu, anayesoma bweni. Mtoto wa dada yangu wa Arusha. Na Resti (jina si lake), binti wa mdogo wangu, aliyekuwa shule ya kata hapo hapo Kibosho. Matokeo ya majaribio ya mkoa yalipotoka, niliagiza kila mzazi ayatume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nani alinituma? Kiherehere! Wangu alikuwa na divisheni wani, wa dada divisheni tuu. Resti alipata ziro.

Nilikasirika kana kwamba ameniibia. Jina letu! Ukoo wa watu waliosoma! Nikalifuga hilo jambo mpaka Krismasi.

Siku ya mbuzi, pombe ya mbege imeshatembea, nikasimama na kisu nikatangaza kwamba mwaka huu nyama inagawiwa kwa maksi. Watu wakacheka. Na ninyi mliocheka, mkisoma hapa, mnajijua! Binti yangu nikampa kidari. Wa dada nikampa mbavu. Kisha nikamwita Resti mbele ya wote, nikamwekea ukwato kwenye sahani.

"Guguna huo," nikamwambia. "Hiyo ndiyo nyama ya mtu asiye na akili."

Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, baba mkubwa." Nilitaka alie. Hakulia, na hilo likanikera zaidi.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni. Tangu apate kiharusi maneno yake hutoka moja moja, kwa taabu. Akaisukuma sahani yake kwa mkono ule mmoja unaofanya kazi.

"Huyu nimemfelisha mimi," alisema. "Ukwato nipe mimi."

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe. Resti alikuwa akiishi na mama. Asubuhi anamwogesha, anambadilisha nguo, anampikia mtori wa ndizi na kumlisha, anakata majani ya ng'ombe, ndipo akimbilie shule. Akifika, kipindi cha kwanza kimeshapita na fimbo inamsubiri. Jioni ni yale yale, wenzake wako tuisheni. Mnadhani sikujua? Nilijua! Mama alipopata kiharusi, mimi ndiye niliyemtoa Resti Chekereni kwa mama yake, anayelima mpunga kule, na kule alikuwa hakosi kwenye kumi bora. Baba yake ni mpagazi, siku nyingi yuko mlimani na watalii, na mbele yangu hana sauti. Nilimwambia shule ya kata iko jirani, mtoto hatapoteza kitu. Wanangu mwenyewe sikumtoa hata mmoja, na mke wangu hakutaka hata kusikia habari za kumgeuza mama mkwe kitandani.

Hapo mtu mwenye haya angeomba msamaha. Mimi nilimjibu mama kwamba haya ni mambo ya shule, hayamhusu. Mama yangu mzazi!

Mdogo wangu aliposhuka kutoka mlimani akaikuta habari. Hakunitukana. Alimchukua binti yake akamrudisha Chekereni. Januari matokeo ya taifa yakatoka: ameanguka, arudie kidato. Akakataa. Iwe kule, iwe huku, darasani haendi.

Nilimfuata. Nimevaa shati la kanisani, nimebeba sare mpya kama mjinga. Nilimkuta shambani anafukuza ndege kwenye mpunga. Aliniamkia, akaniletea kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba mkubwa, ulisema sina akili, na watu wote walisikia," aliniambia. "Sasa unataka nirudi nikafanye nini?"

Sare nilirudi nazo.

Na mama? Binti yangu wa divisheni wani alipanda kumhudumia wakati wa likizo, akashuka kabla wiki haijaisha, analalamikia mgongo. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha. Siku hizi mama anaangaliwa na jirani, na kila nikipanda ananiuliza neno moja tu. Resti?

Desemba iliyopita nilifika na mbuzi, nikanyoosha mkono nipewe kisu. Mama alikuwa ameshampa mdogo wangu. Naye akagawa kwa utaratibu wa baba. Akatenga fungu la Resti, akalifunga kwenye jani la mgomba ili lipelekwe Chekereni. Kisha akanipa fungu langu la mzaliwa wa kwanza, kamili. Ningemshukuru kama angenitupia ukwato.

Basi msinipe pole. Najua mko wengi, mnaosubiri matokeo yatoke ili muwapange watoto wa wenzenu kwenye mstari. Kabla hujamuuliza mtoto kapata ngapi, muulize nani alimwogesha bibi yake asubuhi ya mtihani. Na kama jibu unalijua tayari, kama nilivyolijua mimi, kaa chini, kula nyama yako, unyamaze.