Kigoda cha Mama Merdi

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida, Mama Merdi alimaliza kuanika ndagala zake, dagaa wa kuuza, kwenye mchanga wa ziwa, akasimama kando ya kigoda chake bila kukikalia. Ilikuwa miezi sasa akiuzia watu wima.

"Weye umekuwa askari?" mume wake akamtania.

Akacheka. Halafu akamwambia polepole kwamba damu imetoka tena, na kuna kitu kigumu kimeota pale pa kukalia. Akamwomba aangalie.

Baba Merdi alikataa. Kwao mume haangalii pale, ni haya. Akamchemshia majani ya bawasiri, akamwekea beseni akae ndani, kama alivyofanya mwaka mzima.

Siku hiyohiyo Mama Merdi alianguka sokoni. Hospitalini daktari alivaa glovu, akapima kwa kidole, akakata kanyama kadogo kapelekwe kupimwa. Jibu lilirudi: kansa ya njia ya haja kubwa. Daktari alisema kama wangekuja mapema, mionzi na dawa vingeweza kuiponya, hata bila kupasua. Sasa ilikuwa imefika kwenye maini. Miezi mitatu, wakamzika.

Mpaka leo, kukipambazuka, mzee anasikia ndagala zikitandazwa. Akitoka, iko kigoda tu. Naye hajakikalia. Anakumbuka njia ya kurudi kutoka kwa daktari, na mke wake akisema bila hasira:

"Baba Merdi, minye nilikuomba weye uniangalie. Muntu wa kwanza kuniangalia akakuwa mugeni."