Mshale Ulioshuka Mlimani

Baba alikuwa mpimaji wa hali ya hewa, mpaka miaka ya tisini serikali ilipopunguza wafanyakazi. Alirudi nyumbani na barometa kuukuu iliyokuwa itupwe, kipimo cha uzito wa hewa, akaitundika ukutani kwenye kota yetu kando ya ziwa. Kila asubuhi aligonga kioo kwa ukucha, akatazama mshale, kisha akashuka ufukweni ambako mama na wenzake walikausha dagaa. "Anikeni," aliwaambia, au "Anueni." Nao wakamtii. Nadhani hiyo ndiyo saa pekee ya siku aliyojiona bado ana kazi.

"Hewa ina uzito, mwanangu," aliniambia. "Uzito ukipungua, hewa inapanda, inapoa, inakuwa mawingu."

Kisha tukatolewa kwenye kota, tukapanga vyumba viwili mlimani, juu kabisa kwenye mawe. Baba alikuwa hoi kwa malaria. Mimi, binti wa miaka kumi na miwili, mjuaji kupindukia, niliibeba barometa kifuani na kuitundika. Asubuhi nikagonga kioo. Mshale ulikuwa umeshuka vibaya.

Niliteremka mbio. Lakini nani atamsikiliza mtoto?

"Shikamooni. Baba amesema anueni, mvua kubwa inakuja."

Wakaanua dagaa wabichi, wakawalundika chini ya maturubai. Jua likawaka kutwa nzima. Jioni dagaa walikuwa wananuka, wakatupiwa bata.

"Mzee wako siku hizi anapima homa yake," mama mmoja akasema, wakacheka. Mama yangu hakucheka.

Baba alipopata nafuu nilimweleza huku nalia. Alifumba macho.

"Ukipanda mlima, hewa iliyo juu yako inapungua. Mshale utashuka tu, hata kama hakuna mvua. Ulitakiwa urekebishwe kwanza."

Hakunigombeza. Heri angenichapa.

Aliurekebisha mwenyewe kwa bisibisi. Siku chache baadaye alishuka ufukweni akasema, "Anueni." Walimwamkia kwa heshima, wakaendelea kuanika. Mama peke yake ndiye aliyeanua. Saa sita mvua ikapiga, dagaa wao wakasombwa ziwani.

Nilidhani sasa watamwamini. Wapi! Walisema mvua ile ameiita yeye, kwa hasira ya kuchekwa.

Baba hakushuka tena ufukweni. Neno moja tu, "Alikosea binti yangu," lingemsafisha. Hakulisema mpaka anaingia kaburini. Wale akina mama walikuja msibani, wakakaa nami mkekani siku tatu, na mimi pia sikulisema.