Shikamoo Isiyoitikiwa

Mimi shule niliishia darasa la pili, mbuzi wakanitoa, kwa hiyo anayetaka mafundisho makubwa ya dini akawaulize wachungaji. Langu ni la mjukuu wangu tu. Mtoto huyu, kabla hata hajaanza shule, alikuwa akisali anaanza na shikamoo. "Shikamoo Mungu." Halafu anainamisha kichwa, kimya. Nyumbani kwangu, huku upande wa Mgori, mtoto akimwamkia mkubwa huinamisha kichwa aguswe, na hakiinui mpaka asikie marahaba.

Alifundishwa na mama yake, binti yangu wa mwisho, aliyerudi kwangu na uvimbe tumboni. Hospitali walishamwambia aende nyumbani akapumzike. Neno hilo kupumzika nalijua, hata marehemu mke wangu aliambiwa hivyo hivyo. Basi pale nyumbani tulikuwa na haja moja, binti apone, na sisi watu wazima tuliomba kwa nguvu. Wanakanisa walikuja alasiri wakitoka kukata alizeti. Mwaka ule upepo uliilaza alizeti vibaya, ya kwangu niliokota chini imeshaliwa na panya, na panya wa siku hizi hata paka wanawaogopa. Nimepotea, nirudi. Walikuja, wakajaa mle chumbani, wakapaza sauti wote kwa pamoja, na mgonjwa akageukia ukutani.

Siku moja mzee wa kanisa, niliyechunga naye tangu utoto, akamsikia mtoto anavyosali.

"Mjukuu," akamwambia, "Mungu haamkiwi shikamoo. Anaabudiwa."

"Kwani yeye si mkubwa?"

"Ni mkubwa kuliko wote."

"Mbona nyie mnaingia kwake hamumwamkii, mnaanza tu kuomba, kama yule mama wa jirani akitaka chumvi?"

Binti yangu alicheka pale kitandani mpaka akashika tumbo, na kicheko kikageuka kilio. Mzee akanitazama. "Ulimi huu kautoa kwako," akasema.

Walipoondoka nikamuuliza mtoto, "Ukishamwamkia, kimya hicho ni cha nini?"

"Nasubiri aitikie."

"Huwa anaitikia?"

"Bado." Aliisema hiyo bado kama mtu anayengoja maharage yaive.

Binti yangu alikufa asubuhi, uji wake ukiwa bado jikoni. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya mama yake. Ardhi yetu ina mawe, vijana walichimba kwa mtaimbo, na kila chuma kilipogonga jiwe mtoto alikuwa anashtuka. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nikaitikia amina, ya mdomoni.

Tangu siku ile Mungu sikumsemesha tena. Kanisani nilikwenda, nilikaa mahali pangu, nyimbo niliimba, lakini Yeye mwenyewe sikumsemesha. Ni kama unapopishana njiani na mtu mliyegombana, unajifanya unatazama mashamba. Hakuna aliyejua. Mzee mwenye mvi akifumba macho, nani atajua kama anasali au anasinzia?

Mtoto naye alibadilika. Chakula akawa anakisukuma, akimwona mtoto mwingine na mama yake anaondoka. Kisha asubuhi moja, nimekaa uani napiga alizeti kwa fimbo, nikamwona amekwenda kusimama kaburini. "Shikamoo Mungu." Akainamisha kichwa. Akangoja. Alipochoka akageuka kurudi.

"Mbona hujaomba kitu?" nikamuuliza.

"Sitaki kumwomba. Nimemkasirikia."

"Sasa unamwamkia wa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Mama alisema mkubwa anaamkiwa hata kama umemkasirikia. Siku ile uliponichapa kwa ajili ya vifaranga, kesho yake si nilikuamkia, babu?"

Kweli. Mwewe alibeba vifaranga yeye akicheza, nikamchapa, na asubuhi alikuja na macho yamevimba, akaniinamishia kichwa kile kile. Nilipomgusa nilijua bado mimi ni babu yake.

Nikaiweka fimbo chini. Kanisani tunaambiwa tuwe kama watoto, na mimi miaka yote nilidhani maana yake ni kuamini bila kuuliza, kutabasamu tu. Huyu hakutabasamu. Alijua nani hakumponya mama yake, na hakumsingizia mwingine. Alichokataa ni kuikata salamu. Mimi niliyebatizwa kabla mama yake hajazaliwa, ndiye niliyeikata.

Nikainuka, magoti yakilia, nikaenda kaburini. Mtoto akanifuata. Nikasimama pale alipokuwa amesimama yeye. Kijijini hapa hakuna tena mtu ninayemwamkia. Wote waliokuwa wakubwa wangu tumeshawazika. Kazi yangu imebaki kuitikia marahaba, marahaba, njia nzima. Ile nyingine ilishasahau njia ya kutokea kinywani.

"Shikamoo," nikasema.

Sikuongeza kitu, sikuwa na kingine. Nikataka kuondoka, mtoto akanivuta shati.

"Hujainamisha kichwa, babu."

Nikavua kofia, nikainamisha. Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya alizeti, yakaniangukia kisogoni, na hakuna aliyeitikia. Tukakaa hivyo, yeye na mimi, tukingoja.