Taa ya Kitandani Hurlingham

Fundi aliyenifungia kipimo cha stima nyumbani amefariki, na kabla hamjanitumia pole, wasomaji wangu, ngojeni kwanza nikiri jambo. Alikutwa Alhamisi chumbani mwake Hurlingham, baada ya mlango kuvunjwa. Alikuwa mtu wa Mombasa, mkewe alimtangulia, watoto hawakujaliwa, na riziki yake ilikuwa kiduka cha vifaa vya umeme katikati ya jiji. Kwao Waislamu maiti haicheleweshwi; mtu akifa asubuhi, alasiri ameshazikwa. Yeye alilala peke yake humo ndani, na siku zote hizo mimi nilikuwa nikiitazama nyumba yake kwenye simu yangu.

Tulijuana kwa sababu ya ukorofi wangu. Tokeni za stima ninazonunua kabla ya kuitumia zilikuwa zinayeyuka nyumbani kwangu Kileleshwa, nikamwita. Akafunga kidude kinachokumbatia waya mkuu ndani ya boksi la fyuzi na kupeleka habari kwenye simu: stima ikipanda, mstari nao unapanda. Siku tatu hazikuisha nikaona mstari unaruka kila asubuhi saa tatu, saa ambayo nyumbani hubaki dada wa kazi peke yake. Nilimkaripia kwa simu nikiwa ofisini, nikamwambia aache kuwapigia majirani pasi kwa stima yangu. Fundi aliporudi alizima kitu kimoja kimoja huku akitazama simu, mpaka akafika kwenye hita ya maji ya kuogea. Swichi nilikuwa naiacha imewashwa mimi mwenyewe kila nikitoka bafuni, na maji yakipoa hita inajiwasha tena. Akaketi kwenye kochi, akakataa chai. “Bwana, hiki chombo kinajua umeme, mtu hakimjui,” aliniambia. “Mtu umemtia wewe. Basi mwite umtake radhi, mimi nitangoja.” Akangoja kweli. Dada alinisikiliza ameshika ufagio, akasema, “Ni sawa tu, baba,” akarudi jikoni. Nilidhani somo limeniingia.

Baadaye akaniuzia plagi janja, zile unazochomeka ukutani kisha ukachomeka kifaa chako juu yake, ukawa unakiwasha na kukizima kwa simu, au unakitegea saa. Hakuwa na vipeperushi wala maneno matamu. Akitaka kumshawishi mteja, alimwunganisha na nyumba yake mwenyewe: tazama, hili birika langu, hii taa ya sebule, hii redio, hii taa ya kitandani. Wengine aliwaondoa baada ya biashara. Mimi alinisahau, au aliniacha makusudi, sikuwahi kumwuliza. Ikawa kila nikiamka naona birika lake, aliloliwasha kwa mkono wake, limeshachemka kabla ya alfajiri. Jioni, saa kumi na mbili na nusu, taa ya sebule na redio vinajiwasha vyenyewe, kwa kuwa alivitegea saa ili wezi wadhani kuna mtu ndani. “Mwizi atasikia taarifa ya habari, ataenda kwengine,” alikuwa akijisifia.

Jumatatu ile birika halikuchemka. Niliona, nikapita. Jumanne halikuchemka tena, nikajiambia amefunga saumu, au daktari amemkataza chai. Jioni hiyo akanipigia mwalimu wa madrasa anayeuza vitabu mlango wa pili kutoka duka la fundi. “Rafiki yetu hajafungua duka tangu jana,” alisema. “Simu inaita, haipokewi. Wewe una habari zake?” Niliondoa simu sikioni nikafungua nyumba ya fundi. Taa ya sebule inawaka, redio inawaka, taa ya kitandani nayo inawaka. “Yuko nyumbani, maalim,” nilimjibu. “Naona taa zake. Labda amechoka na wateja.” Akasema alhamdulillahi, akakata. Nikarudi kwenye chakula changu.

Alhamisi maalim hakuvumilia, akaenda, na yeye na askari wa geti ndio waliovunja mlango. Nilipofika nilimkuta askari ameketi kwenye ngazi, kofia mkononi. “Taa inawaka kila jioni, mkubwa. Redio naisikia mpaka huku chini. Si mimi nikajua mzee ako sawa?” Yeye alidanganywa na taa asiyoijua. Mimi nilijua fika kwamba zile zimetegewa saa, mwenyewe alinionyesha, na bado nilimtia mtu ndani yake.

Tulimzika siku hiyohiyo. Jioni ndipo nilipopata moyo wa kurudi nyuma kwenye mistari. Taa ya kitandani hakuitegea saa. Ile lazima mtu aiwashe kwa mkono. Iliwashwa Jumanne saa nane mchana, jua likiwa kali, na haikuzimwa mpaka mlango ulipovunjwa. Simu yake ilikutwa sebuleni kwenye chaji. Yeye alikutwa kitandani, mkono upande wa swichi ya taa hiyo. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kiharusi wakati mwingine humlaza mtu siku mbili tatu kabla ya kumchukua. Sikumwuliza zaidi, niliogopa. Kesho yake, Ijumaa, nilimweleza maalim yote tukiwa nje ya msikiti. “Uliniambia yuko nyumbani,” alisema, “na kweli alikuwepo.”

Tumejaa kwenye magorofa haya, Kilimani mpaka Kileleshwa, tunajuliana hali kwa alama. Fulani ujumbe ameusoma, fulani ameweka picha, fulani gari lake liko chini, basi mzima. Mimi nilikuwa na zaidi ya wote: niliona mpaka birika la mtu, na nikaridhika kuliko yule asiyeona kitu, ambaye ndiye aliyekwenda. Sitawaambia mng’oe plagi zenu, zangu bado ziko ukutani. Nawaambia tu kwamba birika la mwenzako lisipochemka, vaa viatu uende ukabishe hodi. Kutoka kwangu hadi Hurlingham ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na Jumanne ile jioni hata mvua haikunyesha.