Jicho Moja la Dereva wa Treni

Katika mtaa wetu mzima wa Katuba, mwenye diploma ya kuchonga sarafu ni mimi peke yangu. Niliipata Ulaya kwa jasho langu, nikiosha sahani za watu, na sasa iko ukutani kwangu. Kasoro ni moja, nayo si yangu: hapa kwetu hakuna anayetumia sarafu. Hata mkate tunanunua kwa noti.

Basi nikachonga mihuri na vikombe vya mashindano ya mpira, hadi mjane wa jirani, ambaye mumewe alikuwa dereva wa treni, aliponiomba sura ya marehemu kwenye shaba. Ingebandikwa kaburini siku ya kuondoa matanga. Wapiga shaba wa mtaani wangemaliza kwa siku mbili. Mimi nilitumia wiki tatu. Nilimchonga kwa upande, kama wakubwa wanavyochongwa kwenye sarafu. Kwenye sikio tu patasi iliteleza, nikalikuza kidogo kuficha.

Siku ikafika, uani kwa mjane watu tele. Nikafunua kitambaa. Mjane akatazama, akageuza shaba, akatazama nyuma yake.

“Mutoto yangu, jicho ingine iko wapi?”

“Mama, kwa sarafu bantu banachongwaka hivi. Hata bafalme.”

“Bwana yangu hakukuwa mufalme. Alikuwa na macho mbili. Siwezi kumupeleka kwa kaburi nusu.”

“Diplome ya Ulaya,” akasema mtu nyuma yangu, “mwaka ya kwanza banafundishaka jicho moja.”

Wakacheka. Nikaeleza historia ya sarafu, vizuri sana, huku wakianza kupanda lori la makaburini. Shaba ilibaki kwenye kiti.

Shemeji wa mjane, mzee aliyefanya kazi stesheni na marehemu, akaiokota, akamwita mjane, akaiinua usawa wa dirisha la nyumba.

“Shemeji, wakati ulikuwa unauzisha mandazi kule stesheni, ulikuwa unamuona namna gani?”

“Alikuwa anapita na mashini ya treni, kichwa kwa dirisha.”

“Alikuwa anakuangalia?”

“Kuangalia wapi! Alikuwa anaangalia njia. Miezi yote ile niliona sikio tu.”

Mjane akasogea karibu. Akaigusa shaba kwa kidole.

“Njo yeye, ni yeye kabisa,” akasema. “Mumulete.”

Makaburini, shaba ikiwa imeshabandikwa, mjane alinishika mkono.

“Ile sikio, mutoto yangu, njo yake kabisa. Ulijuaka namna gani?”

Nikamjibu kwamba Ulaya masikio tuliyasoma mwaka mzima.