Bi Njia Moja na Maji Yaliyougua

Umma wote, wenye mifugo na wasio nayo, wenye homa na wanaojisikia vizuri, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba katika maabara ya jengo la nyuma, lile lenye mlango unaokwama, maji matupu yalikutwa na homa ya ng'ombe. Msicheke. Wapo ng'ombe wanane wanaotafuna majani leo hii kwa sababu maji yale yaliugua, na kwa sababu mwanamke mmoja hakuona aibu kusema hivyo mbele ya mkubwa wake.

Mwanamke huyo ni fundi wa maabara. Mlinzi wa getini alimpachika jina la Bi Njia Moja, likamganda. Maabara yake ina vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Chumba cha kwanza, kisafi kuliko roho ya mtoto, ni cha kuchanganyia dawa za kupimia. Cha pili ni cha kufungulia sampuli: damu ya mgonjwa, maziwa ya mbuzi, makohozi, chochote alichotoa kiumbe kwa hiari au kwa kushikiliwa. Cha tatu kina mashine, na mashine yenyewe ni mbea. Ipe chembe moja ya vinasaba vya kijidudu, itainakili iwe mbili, nne, nane. Baada ya saa mbili ni mabilioni na mtaa mzima unajua. Hiyo ndiyo raha yake, kijidudu hakina pa kujificha. Balaa lake ni kwamba nakala hizo zikipeperuka zikafika chumba cha kwanza, kila utakachopima kitaumwa, mpaka kiatu chako.

Kwa hiyo mtu huingia cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha kwake. Harudi nyuma. Kila chumba kina koti lake: jeupe, la buluu, la kijani. Siku moja Bi Njia Moja alisahau miwani chumba cha kwanza, akashinda kutwa akikodolea skrini macho kama bundi wa mchana, lakini kurudi hakurudi.

Na katika kila kundi la vipimo huweka kibomba kimoja cha maji matupu. Kazi ya maji hayo ni kutokuwa na kitu. Yakiwa na kitu, kuna mtu amechafua kazi. Mama mkwe wake alipoelezwa, alishika kiuno.

"Yaani mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje kupima maji?"

"Ndiyo, mama."

"Na huwa yanakutwa na nini?"

"Hayakutwi na kitu."

"Kesho unapima tena?"

"Kesho napima tena, mama."

Mama mkwe akaenda kuwasimulia wenzake kwamba mkwewe kapata kazi nzuri, ya kukaa.

Basi, Jumatatu moja akaja mfugaji, mzee mwembamba, homa imemshika wiki ya tano. Ng'ombe wake mmoja alikuwa ametupa mimba. Afisa mifugo alishasema lake: vipimo vitoke Alhamisi kabla ya saa sita, na kila ng'ombe atakayekutwa na ugonjwa anapanda lori kwenda kuchinjwa. Zikaletwa sampuli kumi, tisa za ng'ombe, moja ya mzee mwenyewe.

"Mwanangu daktari," mzee akamwambia.

"Mimi si daktari, baba."

"Mwanangu usiye daktari, hao tisa ndio nguo yangu. Wakiondoka wote nimebaki uchi, na umri huu sipendezi."

Jumanne alasiri mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Mmoja, mitatu, saba, kumi. Ng'ombe wote tisa na mwenye ng'ombe. Mkurugenzi, mtu wa shahada tatu na kalamu nne mfukoni, alifurahi kama aliyeambiwa amepata mtoto wa kiume. Kumi kwa kumi ni mlipuko, na mlipuko huleta waandishi wa habari na vinasa sauti vyao. Alikuwa ameshaandika nusu ya tangazo pale mstari wa kumi na moja ulipopanda.

"Bosi, maji nayo yanaumwa."

"Maji gani?"

"Yangu."

"Sasa maji yana kwato?"

"Hayana. Ndiyo shida yenyewe."

"Ufute huo mstari, tuchape majibu. Kumi inatosha."

"Nikiufuta huo, bosi, na ile kumi inaondoka nao."

Mkurugenzi akavua miwani, ishara ya mtu anayeanza kutumia cheo. "Dada yangu, nitakuhamishia chumba cha mafaili."

"Kina milango mingapi?"

Usiku huo Bi Njia Moja hakulala vizuri. Asubuhi ya Jumatano, akipita kwenye ubao wa matangazo, aliona picha mpya, imebandikwa kwa pini nne. Kumbe Jumatatu mkurugenzi alikuwa na wageni. Alianza kuwatembeza chumba cha tatu, kwa kuwa mashine ina taa na taa zinapendeza, akaishia cha kwanza. Pale kwenye picha ameinamia dawa za kupimia, meno yote nje, amevaa koti la kijani. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyesema hivyo lazima alikuwa na maabara.

Akaibandua picha, akaiweka juu ya meza ya mkurugenzi.

"Nimetoka vizuri," mkurugenzi akasema.

"Koti, bosi."

"Limefanya nini? Kijani kinanikaa."

"La chumba cha tatu. Uko cha kwanza."

Mkurugenzi akaitazama picha upya kama mtu aliyekuta mdudu chini ya bakuli, na uji ameshaumaliza.

Dawa zote zilizokuwa wazi zikamwagwa. Meza, kuta na vitasa vikasuguliwa kwa klorini hadi mlinzi akapiga chafya getini. Likafunguliwa boksi jipya ambalo mkono wa mtu haujaligusa, na sampuli zikatolewa upya kwenye friji ya chumba cha pili. Alhamisi asubuhi mashine ikawashwa. Nje, mzee alikaa kwenye benchi na sweta lake juani, akitetemeka. Saa nne na nusu lori lilishafika, limegeuzwa kabisa, mlango wa nyuma wazi.

Saa tano na dakika kumi skrini ilikuwa na mistari miwili tu juu. Ng'ombe namba nne, na mzee. Maji yamelala chini, bapa kama uso wa fundi mwenyewe.

"Namba nne?" mzee aliuliza taratibu. "Huyo ndiye ninayekunywa maziwa yake."

"Unayachemsha, baba?"

"Ya yule? Yalivyo matamu? Kuyachemsha ni dhambi."

Namba nne akapandishwa. Mzee alimshika sikio kwa muda. Kisha akageuka, macho yamemlowa lakini ulimi mzima.

"Mlisema anayekutwa nao anapanda lori. Na mimi nikae mbele au nyuma?"

"Wewe unaenda dirisha la dawa, baba. Vidonge vya wiki sita. Usikatishe."

Wanane wakarudi nyumbani kwa miguu yao.

Ijumaa mkurugenzi aliwaita wafanyakazi wote wasimame mlangoni mwa chumba cha kwanza, yeye akasimama ndani, penye mwanga mzuri wa picha. Akazungumza dakika ishirini juu ya uthubutu wa taasisi, uongozi wenye maono, na jinsi "sisi" tulivyokataa majibu ya haraka. Alipochoka akanyoosha mkono.

"Na sasa, mama yetu, shujaa wetu. Tupe neno moja tuondoke nalo."

Mpiga picha akainua kamera. Bi Njia Moja alimtazama mkubwa wake kuanzia kalamu nne mpaka pindo la kijani magotini.

"Koti, bosi."