Mvua Iliyoshtakiwa Ng'ambo ya Busisi

Niliondoka nyumbani Pasiansi kwa sababu shangazi yangu alikuwa ameamua kulizima tanuru la jirani yake, na alihitaji mtu mwenye shahada ya kemia wa kumuunga mkono. Shangazi Kulwa anaishi kijijini ng'ambo ya Busisi, karibu na ziwa. Alinipigia simu akasema mabati yake, ambayo bado ni mapya, yanaliwa na kutu, mchicha wake unaungua majani, na maji ya tangi yana uchachu. Redioni alikuwa amesikia habari za mvua ya tindikali inayoletwa na moshi. Moshi aliujua unakotoka: jirani yake, Masanja, anachoma matofali kwa pumba za mpunga. Jumamosi mwenyekiti wa kitongoji angewasikiliza wote wawili.

"Wewe uje useme tu," aliniambia. "Si umesoma?"

Nimesoma, lakini tangu nimalize chuo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza chochote. Nilifungasha karatasi za litmasi, zile za buluu zinazogeuka nyekundu zikigusa tindikali. Nikafungasha mwavuli. Kisha nikaongeza mwavuli wa pili, endapo mvua ya huko ingekuwa kali kuliko nilivyosoma.

Stendi ya Nyegezi, ndani ya basi, nilikaa dirishani nikitazama juu. Mama aliyekaa kando yangu alinivumilia kwa muda.

"Binti, hayo mawingu yamekukosea nini?"

Nikamweleza. Moshi wa makaa ya mawe na wa viwanda una salfa. Salfa hiyo ikikutana na unyevu angani, hurudi chini kama mvua kali. Kuna nchi ambako mvua hiyo imeua samaki ziwani, imekausha misitu, na imekula hata sanamu za mawe.

"Na hapa Mwanza?"

"Bado sijui, mama."

"Basi funga dirisha, vumbi linatuingia."

Kigongo tulipita darajani. Zamani tulikuwa tunasubiri kivuko, na mtu alipata nafasi ya kutosha ya kuhangaika. Siku hizi unavuka kabla hujamaliza kujiuliza kama daraja litakubeba. Nilitazama maji nikaanza kuwahurumia sato. Kisha nikajiuliza tanuru moja la matofali litaweza vipi kulichachua ziwa lote hili, nikaona aibu, halafu nikaogopa kwamba mbele ya mwenyekiti nitatoa hoja ya kipuuzi kama hiyo ya sato.

Kijijini nilifika jua likiwa bado juu. Nilimwamkia shangazi, akaitikia marahaba yake huku akinivuta mkono kwenda kwenye tangi. Nilichovya karatasi. Ikawa nyekundu.

Shangazi hakungoja maelezo. Aliita kupitia ua wa minyaa, "Masanja, njoo uone dhambi zako zina rangi gani."

Masanja alikuja, mtu mrefu mwenye udongo hadi kwenye viwiko. Alinisalimia kwa upole, akaitazama ile karatasi.

"Mtaalamu, na moshi wa jiko la shangazi yako umeupima?"

"Jiko langu linapika ugali," shangazi akasema. "Halichemshi mawingu."

Masanja alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi nakuomba kitu kimoja, binti. Uwe na uhakika. Wakinizimia tanuru sasa, na mvua zimeshaanza, matofali yangu mabichi yatarudi kuwa tope. Wanangu wanakula kwa hayo matofali."

Alipoondoka, nilianza kuzunguka uwanja nikitazama huku na huku. Karatasi ilikuwa nyekundu, hilo halina ubishi. Lakini paa la Masanja, lililo jirani kabisa na tanuru, lilikuwa linang'aa. Nilipomwonyesha shangazi, alisema, "Moshi unamjua mwenyewe."

Alasiri mvua ilinyesha. Niliweka beseni juu ya kiti katikati ya uwanja, mbali na paa na miti, ili nipate maji yasiyogusa kitu. Shangazi aliuliza kama chuoni walitufundisha pia kuogesha viti. Nilichovya karatasi mpya. Ilibaki buluu. Labda ilififia kidogo pembeni; niliikodolea hadi macho yakatoa machozi. Mvua yoyote huwa na ukali kidogo sana unaotokana na hewa inayopitia, na hilo si kosa la mtu. Nikachovya nyingine kwenye maji yanayotoka kwenye bomba la paa. Nyekundu.

Basi kilichoingia kiliingia kati ya mawingu na tangi. Kati ya hivyo viwili kulikuwa na paa tu.

Mvua ilipokatika nilipanda ngazi. Shangazi aliishika upande mmoja, Masanja akaja kuishika upande wa pili, hawasemeshani. Kutu ilikuwa upande mmoja tu wa paa, ule unaopata jua zaidi, tena kwa mabaka mabaka. Kwenye mikunjo ya bati kulikuwa na makombo meupe. Niliyanusa.

"Shangazi, unaanika udaga huku juu?"

"Jua zuri liko wapi kama si huko?"

Nikashuka nikamweleza. Mihogo ya udaga, inayolowekwa hadi ichache kabla ya kuanikwa, huwa na tindikali. Majimaji yake yanakula bati, mvua inayaosha hadi kwenye tangi, naye anayachota na kumwagilia mchicha. Tindikali tuliyokuwa tunaisaka angani ilikuwa inapandishwa kwa ngazi.

Masanja aliitazama miguu yake kwa makini sana.

"Kwa hiyo ni mimi," shangazi akasema.

"Ni udaga, shangazi."

"Udaga haupandi ngazi." Kisha uso ukamchangamka. "Na unajua kwa nini niliuhamishia juu? Miaka yote naanika pale mwambani. Mbuzi wa huyu wakaanza kuula. Nilisema tangu mwanzo ni Masanja."

Masanja hakukataa habari ya mbuzi.

Jumamosi, mbele ya mwenyekiti, nilisema moshi wa tanuru unaweza kuwasha macho, lakini haukula paa hili. Nilieleza habari ya beseni na ya bomba.

"Una uhakika?" mwenyekiti akauliza.

Nilikuwa na mashaka mengine kadhaa, yote yakitaka kusemwa. Masanja alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ndiyo," nikafunga mdomo.

Tanuru likaachwa liwake. Udaga ukarudi mwambani, na Masanja akaamriwa kufunga mbuzi wake.

Jumapili nilivuka tena Kigongo. Njiani nilitafakari jinsi ile karatasi ya kwanza ilivyokaribia kuwanyima watoto chakula. Rangi nyekundu ilikuwa imeniambia kuna tindikali. Kwamba ni ya Masanja, hilo tuliliongeza sisi wenyewe, kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa na moshi.

Pasiansi, baba alinipokea mlangoni na simu mkononi.

"Shangazi yako anasema ameshinda kesi."

Nikapiga hesabu. Tanuru linawaka. Lakini mbuzi wamefungwa.

"Baba," nikamwambia, "ushahidi haumkatalii."